Kulinda shokapu za gari la safari dhidi ya mawe: kipi ununue kwanza na kipi ukiache dukani

Mwaka juzi niliingia chini ya Land Cruiser ya watalii iliyokuwa imerudi Arusha kutoka Ziwa Natron, dereva akieleza kwamba nyuma kulia kunagonga kila anapopita kwenye shimo. Shokapu haikuwa ikivuja, sili yake, yaani mpira unaoizuia oili isitoke, ilikuwa kavu, na bushi zote, ile mipira midogo ya kwenye viungio, zilikuwa nzima. Nilipopitisha kidole juu ya bomba, upande unaotazama mbele ya gari, kidole kiliingia kwenye kibonyeo kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Tuliifungua na kuisukuma kwa mkono, na fimbo yake inayoingia ndani ya bomba ilishuka vizuri mpaka ilipofika usawa wa kibonyeo kile, ikakwama hapo na kukataa kuendelea. Ilikuwa shokapu ya bei kubwa, yenye miezi minne tu tangu ifungwe, na jiwe moja lilikuwa limeimaliza.

Hasara ya namna hiyo inaumiza kwa sababu inazuilika kwa fedha kidogo, na mwongozo huu nauandika kwa ajili ya mwenye gari la utalii, pikapu ya mradi au gari la familia linalokwenda kijijini kwa njia ya mawe. Msimamo wangu ni kwamba kinga nzuri ya shokapu ni ile inayolipokea jiwe kabla halijagusa bomba wala fimbo, na papo hapo ikaacha hewa ipite na matope yaanguke. Vifaa vingi vinavyouzwa vinatimiza sharti la kwanza na kuvunja la pili, na kwa kipimo hicho ndivyo nilivyovipanga.

Tambua kwanza shokapu uliyo nayo

Shokapu huzuia springi isiendelee kurukaruka baada ya gari kupita kwenye tuta. Inafanya hivyo kwa kuilazimisha oili ipenye kwenye matundu madogo ya pistoni, kizibo kilicho mwisho wa fimbo ndani ya bomba, na nguvu yote inayozuiwa pale hugeuka kuwa joto. Joto hilo halina njia nyingine ya kutoka isipokuwa kupitia ukuta wa bomba kwenda kwenye hewa. Kwenye barabara ya changarawe iliyojaa matuta madogo mfululizo, kama kile kipande cha kutoka Ngorongoro kushuka hadi lango la Naabi, shokapu hufanya kazi bila kupumzika hata sekunde moja. Oili ikichemka sana huwa nyepesi na kutoa povu, na gari huanza kuyumba kama mashua. Kwa hiyo chochote unachokifunga kuizunguka shokapu hakina budi kupimwa pia kwa joto kinalolizuia.

Kuna aina kuu mbili, na kila moja inaumia kwa namna yake. Shokapu ya bomba mbili ina bomba la ndani ambamo pistoni inapanda na kushuka, na bomba la nje ambalo ni ghala la oili. Jiwe likilibonyeza lile la nje, mara nyingi pistoni haipati habari. Katika kundi hili zimo KYB Excel-G, Old Man Emu Nitrocharger na Koni Heavy Track. Shokapu ya bomba moja, kama vile Bilstein B6, KYB Gas-A-Just na Fox 2.0, pistoni yake inasugua moja kwa moja ukuta uleule unaouona kwa macho. Inapoza joto vizuri zaidi kwa kuwa oili inagusa ukuta wa nje, na ndiyo sababu madereva wanaokimbia sana kwenye changarawe wanaipenda. Lakini kibonyeo kidogo tu katika eneo ambalo pistoni inapita kinatosha kuikwamisha au kuikwaruza mpaka isifae. Ile ya gari la Natron ilikuwa ya aina hii.

Sehemu ya pili ya kuiangalia ni fimbo. Imepakwa kromu ngumu na kusuguliwa mpaka ikang'aa kama kioo, kwa sababu inapita ndani ya sili maelfu ya mara kwa kila safari. Jiwe likiitia kovu, kovu hilo huikata sili kidogo kidogo kila linapopita, na baada ya muda utaona oili imechanganyika na vumbi na kufanya ute mweusi kwenye shingo ya shokapu. Shokapu nyingi za bomba mbili hufungwa fimbo ikiwa juu, na huja na kifuniko cha bati au plastiki kinachoizunguka. Baadhi ya zile za bomba moja huweza kufungwa kichwa chini miguu juu, fimbo ikaelekea chini kwenye akseli, ule mhimili wa magurudumu, yaani kwenye mawe, matope na visiki. Kabla hujatoa hata shilingi, lala chini ya gari lako na uone fimbo iko upande gani.

Mawe yanatoka wapi

Watu wengi hudhani mawe hurushwa na gari la mbele tu. Gari linalotangulia lina sehemu yake, lakini mengi yanayoziumiza shokapu za nyuma yanarushwa na magurudumu yako mwenyewe ya mbele. Tairi huokota jiwe, hulibeba kwa nukta moja na kulirusha nyuma, nalo hupiga chochote kilicho kwenye njia yake: tangi la mafuta, mpira wa breki, bomba la shokapu. Kwenye pikapu nyingi zenye springi za bapa nyuma, shokapu moja hufungwa mbele ya akseli na ya pili nyuma yake, na ile ya mbele ndiyo inayopigwa zaidi. Ukilijua hilo, hutahitaji kununua kinga ya kuizunguka shokapu pande zote, kwa sababu adui anatoka upande mmoja unaojulikana.

Mwendo nao una uzito wake. Nguvu ya jiwe huongezeka kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo jiwe linalorushwa gari likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa hupiga kwa nguvu mara 4 ya lile la kilomita 40. Ukomo wa kilomita 50 kwa saa ndani ya Hifadhi ya Serengeti uliwekwa kwa ajili ya wanyama na watu, lakini dereva anayeuheshimu anazipunguzia shokapu zake mapigo mengi.

Nafasi ya kwanza: ngao ya nusu duara

Hiki ni kipande cha chuma, alumini au plastiki ngumu kilichokunjwa nusu duara, kinachofungwa kwa klempu, yaani kibano cha chuma, kwenye bomba upande unaotazama mawe, huku upande wa pili ukibaki wazi. Jiwe linagonga ngao, shokapu inaendelea kupata hewa kwa nyuma, na matope yanaanguka yenyewe. Sijaona kinga nyingine inayotimiza masharti yote mawili kwa uaminifu kama hii. Baadhi ya seti za bei ya juu huja nayo kutoka kiwandani, mfano mzuri ukiwa BP-51 za Old Man Emu, lakini hata fundi bati wa mtaani mwenye mikono safi anaweza kukutengenezea.

Ukiwa dukani au kwa fundi, angalia unene kwanza. Chuma cha milimita 2 hadi 3 kinatosha, bati jembamba la kuezekea litajikunja na kuanza kusugua bomba, na plastiki inayokatika ukiikunja kwa mikono haifai hata kupewa bure. Kisha angalia nafasi kati ya ngao na bomba, ambayo isipungue upana wa kidole kimoja, kwa sababu ngao inayogusa bomba huhamishia pigo kwenye bomba lilelile ulilokusudia kulilinda. Chini kuwe wazi au kuwe na tundu la kutolea maji na mchanga. Mwisho angalia klempu, na hapa naomba msomaji atulie kidogo, kwa kuwa kosa la klempu nimeliona kwa mafundi wazoefu.

Shokapu ya bomba moja ikibanwa kwa klempu iliyokazwa kupita kiasi katikati ya bomba, bomba hupoteza uduara wake. Kwa macho huoni kitu, lakini pistoni inakiona. Umejiletea mwenyewe, kwa spana, madhara yaleyale ya jiwe. Klempu ikae karibu na mwisho wa bomba, upande wa kishikio kinachoifunga shokapu kwenye gari, nje ya eneo ambalo pistoni inafika, na chini yake kiwekwe kipande cha mpira ili ishike bila kuuma. Na kwa hali yoyote ile usikubali fundi achomelee ngao moja kwa moja kwenye shokapu. Ndani yake kuna oili na mara nyingi gesi yenye mgandamizo, na moto wa kuchomelea huunguza sili na unaweza kuipasua shokapu usoni mwa fundi. Niliwahi kumkuta kijana kwenye gereji moja ameshavaa miwani na kushika fimbo ya kuchomelea, akisubiri tu umeme urudi. Nashukuru umeme ulichelewa.

Nafasi ya pili: mipira ya matope nyuma ya magurudumu ya mbele

Wengi watashangaa kwa nini kifaa cha kawaida hivi, kipande cha mpira kinachoning'inia nyuma ya gurudumu, nakiweka juu ya vifaa vyenye majina makubwa. Sababu ni kwamba kinalizuia jiwe pale linapoanzia, na kinga hiyo haiishii kwenye shokapu, bali inalifikia tangi, bomba za breki, nyaya na rangi ya milango. Magari mengi ya safari yameng'olewa mipira hii kwa sababu ilikanyagwa na kukatika wakati wa kurudi nyuma kwenye mwinuko, na hakuna aliyejali kuirudisha.

Nunua mpira mzito unaopinda bila kupasuka, si plastiki nyepesi inayopigapiga. Uwe mpana kuliko tairi lako, hasa kama umebadilisha tairi za kiwandani ukaweka pana zaidi, na urefu wake ufikie chini ya usawa wa kitovu cha gurudumu bila kuburuzika. Dukani ukiukosa, mkanda wa zamani wa mashine za kusagia nafaka au wa kupakilia mizigo, wenye nyuzi ndani, unakatwa vizuri kwa kisu na unadumu miaka. Fungia kipande cha chuma bapa kwenye ukingo wa juu ili bolti zisiupasue.

Nafasi ya tatu: shokapu yenyewe ya bomba mbili

Naiweka ya tatu kwa sababu ya bei tu. Hakuna busara ya kutupa shokapu nzima eti kwa kuogopa mawe. Lakini siku zilizopo zitakapochoka, na wewe unaendesha polepole kwenye njia za mawe makali, kama zile za miamba ya volkano kuzunguka Loiyangalani upande wa Ziwa Turkana, basi bomba mbili lenye ukuta mnene ndilo chaguo langu. Aliye na mzigo mkubwa na mwendo wa kasi kwenye changarawe laini atafaidika zaidi na bomba moja kwa sababu ya joto, mradi aifunge pamoja na ngao niliyoieleza. Zenye chupa ya oili ya pembeni zinahitaji uangalifu mwingine: chupa ipande juu ya chesisi, mbali na njia ya mawe, na mpira wake wa kupitishia oili uwe umesukwa kwa nyuzi za chuma.

Bidhaa bandia ni nyingi mno katika soko letu. Shokapu ya kweli ina uzito, maandishi yake yamechapwa au kugongwa vizuri, na ukiisukuma kwa mkono inashuka kwa ukinzani ulio sawasawa toka mwanzo hadi mwisho. Ikishuka kwa kurukaruka, au ikatoa mlio wa kufyonza hewa hata baada ya kuisukuma na kuivuta mara kadhaa ikiwa wima, irudishe palepale kaunta.

Nafasi ya nne: sahani ya kukinga kishikio cha chini

Kishikio cha chini cha shokapu, hasa kwenye magari kama Jeep Wrangler, kinaning'inia karibu na usawa wa akseli au chini yake, na mwamba ukikigonga hukipinda au kukikata bolti. Sahani nene ya chuma iliyofungwa chini yake inalitelezesha gari juu ya mwamba. Kwa anayepanda mawe makubwa, kifaa hiki kingepanda hadi nafasi ya pili. Kwa gari linalokwenda Tarangire na kurudi, ni uzito wa bure.

Nafasi ya tano: soksi ya kitambaa

Ni kitambaa kizito, au mpira laini kama wa nguo za wapiga mbizi, kinachozungushwa kwenye fimbo na kufungwa kwa vishikizo vya kunatana. Kinazuia changarawe ndogo na vumbi kavu lisikwaruze kromu, na kwa fimbo inayoelekea chini kina msaada wa kweli. Jiwe kubwa hakilizuii. Udhaifu wake ni uvivu wetu sisi watumiaji: soksi inatakiwa ifunguliwe na kufuliwa baada ya kila safari ya matope, na ni wachache wanaofanya hivyo. Ikibaki na mchanga uliolowa, inageuka msasa unaoisugua fimbo mchana kutwa. Kama unajijua kuwa huwezi kuifua, usiinunue.

Nafasi ya mwisho: buti ya mpira iliyofungwa pande zote

Buti hizi za mikunjo, zenye rangi nyekundu, bluu au njano, ndizo zinazouzika kuliko vyote kwa kuwa zinapendeza machoni. Kwenye barabara kavu ya lami hazina neno. Shida inaanza kwenye udongo wetu. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa hunata kama ugali, huingia kwa juu kupitia mdomo wa buti, na ukikauka huwa mgumu kama tofali, ukazunguka fimbo mahali usipoweza kuuona. Vumbi la Naivasha, lile laini kama unga ambalo wapenzi wa Safari Rally wanalijua kwa jina la fesh-fesh tangu mashindano yaliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, hupenya hata kwenye tundu la sindano. Majivu ya volkano ya Ol Doinyo Lengai, mlima uliolipuka mara ya mwisho kwa kishindo mwaka 2007 na 2008, yapo kwenye udongo wa njia nzima ya Engare Sero, kijiji cha kando ya Ziwa Natron, na yakichanganyika na maji ndani ya buti hukaa yakiila kromu. Nimevua buti iliyokuwa safi kwa nje nikakuta fimbo ina kutu ya duara zima.

Ukilazimika kuitumia, toboa matundu mawili kwenye mkunjo wa chini kabisa, fungua na usafishe kila unapobadilisha oili ya injini, na hakikisha haifuniki bomba, kwani bomba ndilo linalotoa joto.

Ile desturi ya kukata tyubu ya baiskeli au ya gari na kuifunga kwa waya kuzunguka shokapu sijaipa nafasi. Inabeba ubaya wote wa buti bila tundu hata moja, na waya wenyewe huanza kuchimba bomba. Ikiwa gari lako limefungwa tyubu hivi sasa, itoe wikiendi hii.

Ufanye nini kulingana na gari na mfuko wako

Ngao ndiyo ya kwanza kwa ubora, lakini mwenye fedha kidogo aanze na mipira ya matope kwa magurudumu ya mbele, kisha ngao moja kwa ile shokapu ya nyuma iliyofungwa mbele ya akseli, kwa sababu ndiyo inayopokea mapigo mengi. Shokapu za mbele zinaweza kusubiri mwezi mwingine. Kampuni yenye magari kadhaa ifanye ngao za aina moja zinazobadilishana kati ya gari na gari, na ibebe klempu mbili za akiba kwenye kila sanduku la spana. Wenye shokapu za bomba moja wasisubiri chochote. Kwao ngao inunuliwe siku moja na shokapu.

Baada ya kufunga, kabla hujaondoka gereji, zungusha usukani hadi mwisho kulia na kushoto, kisha liweke gurudumu moja juu ya kitu kirefu ili springi ya upande huo ijikunje na ya upande wa pili inyooke. Ngao isiguse tairi, mpira wa breki wala waya wa breki za ABS (zile zinazozuia magurudumu yasijifunge) katika hali yoyote kati ya hizo. Unapoosha gari, usielekeze maji ya pampu yenye nguvu kwenye shingo ya shokapu, kwani yanasukuma mchanga uingie kwenye mdomo wa sili.

Katika safari ya kwanza, simama baada ya nusu saa ya changarawe mbaya na usogeze mkono karibu na kila shokapu, kwa tahadhari kwani zinaweza kuunguza. Zote zinapaswa kuwa na joto linalokaribiana. Ile iliyobaki baridi haifanyi kazi, na ile inayowaka kuliko mwenzake huenda inakosa hewa au inabeba kazi ya mwenzake aliyekufa. Ukifika, kaza klempu upya kwa kiasi, kisha angalia makovu kwenye rangi ya ngao. Yakiwa yamejaa katikati, umeiweka sawasawa. Yakiwa mengi kwenye ukingo mmoja, legeza klempu na uizungushe ngao kuelekea ukingo huo kabla ya safari ya pili.